Oduya wa NHL ana funzo gani kwa kijana wa Voi?

Tunapenda kudai nyota wakishafika kileleni. Safari ya beki mwenye baba Mkenya, pamoja na masaibu ya timu yetu ya Ice Lions, inaonyesha kwamba kazi kubwa hufanyika mapema, mahali ambapo hakuna kamera.

JUNI 24, 2013, jijini Boston, Marekani. Mechi ya sita ya fainali ya hoki ya barafu katika ligi ya NHL imebakisha dakika moja na sekunde 16. Chicago Blackhawks wako nyuma 2-1 na mashabiki wa nyumbani wameanza kunusa ushindi. Ghafla Bryan Bickell anasawazisha. Sekunde 17 baadaye beki mmoja wa Chicago anaachilia kombora kutoka mbali. Paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, inaguswa njiani, inagonga mlingoti, na Dave Bolland anaimalizia wavuni. Mambo yakaisha 3-2. Kombe la Stanley likaenda Chicago.

Beki aliyeachilia kombora lile anaitwa Johnny Oduya.

Ndiyo, Oduya. Jina ambalo ukilitaja Kisumu au Siaya hakuna atakayekuuliza linaandikwaje. Baba yake ni Mkenya, mama yake ni Mswidi, na yeye alizaliwa Stockholm mnamo Oktoba 1, 1981. Alishinda Kombe la Stanley mara mbili akiwa na Chicago, 2013 na 2015. Katikati ya makombe hayo aliichezea Uswidi kwenye Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 na kurudi na medali ya fedha.

Kila jina hili linapoibuka mitandaoni, Wakenya hatukosi. "Huyo ni wetu!" "Damu ya Kenya hiyo!" Sawa, hakuna ubaya kujivunia mtu. Lakini ukitulia na kuangalia mwanzo wa safari yake, utaona kwamba damu haikufanya kazi kubwa pale. Kuna kitu kingine kilichomfikisha, na kitu hicho ndicho kijana wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta anakikosa, iwe anacheza hoki, kandanda, vikapu au anakimbia.

Aliyechaguliwa wa 221

Watu wengi hudhani nyota wa kulipwa huonekana mapema. Ati skauti anapita, anamwona mtoto wa miaka 12, anasaini, kwisha. Kwa Oduya haikuwa hivyo hata kidogo.

Kwanza, nyumbani tayari kulikuwa na mchezaji. Kaka yake mkubwa, Fredrik, alichaguliwa na San Jose Sharks mwaka 1993. Akavuka kwenda Amerika Kaskazini kutafuta maisha kwenye barafu, lakini hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NHL. Fredrik alifariki mwaka 2011. Kwa hiyo Johnny alikulia karibu na mtu aliyeijua njia, na aliyejua pia kwamba njia hiyo inaweza kukatika.

Msimu wa 2000-01 Johnny naye alivuka bahari. Alienda Kanada kucheza ligi ya vijana ya jimbo la Quebec na maeneo jirani, akiwa na Moncton Wildcats na baadaye Victoriaville Tigres. Ligi za namna hii ndizo kitalu. Vijana wa chini ya miaka 20 hucheza msimu mzima, husafiri kwa basi usiku kucha, na maskauti hukaa jukwaani na daftari.

Kiangazi cha 2001 NHL ikafanya hafla yake ya kila mwaka ya kuchagua chipukizi. Nambari moja alikuwa Mrusi Ilya Kovalchuk, aliyechukuliwa na Atlanta. Oduya akasubiri. Raundi ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Washington Capitals walimtaja kwenye raundi ya saba, akiwa wa 221. Na hata baada ya kumtaja, hakuishia kuvaa jezi yao.

Sasa jiulize: kijana wa Kenya mwenye umri wa miaka 19 akiambiwa yeye ni wa 221, anafanya nini? Wengi wetu tungemshauri aachane na mambo hayo, atafute kazi. Si kwa ubaya. Ni kwa sababu hapa kwetu ukikosa nafasi ya juu, mara nyingi chini yake hakuna kitu. Ni ama uitwe timu ya taifa au urudi kwenye bodaboda.

Oduya alirudi Uswidi, na kule alikuta ngazi inamsubiri. Akaanza na Hammarby, klabu ya Stockholm iliyokuwa daraja la pili. Huko alicheza kila wiki, akakosea na kurekebishwa. Mwaka 2003 akapanda hadi Djurgården, ligi kuu. Mwaka 2005 akahamia Frölunda ya Gothenburg, moja ya klabu kubwa nchini humo. Kiangazi cha 2006 New Jersey Devils wakampa mkataba. Msimu ulipoanza Oktoba, alikuwa ametimiza miaka 25.

Hesabu vizuri: miaka mitano kutoka kutajwa wa 221 hadi kuteleza kwenye barafu ya NHL. Miaka mitano ambayo hakuna gazeti la Kenya lililomwandika.

Halafu kuna kisa kitamu. Februari 2010 New Jersey walitaka mshambuliaji nyota kutoka Atlanta. Nyota huyo alikuwa Kovalchuk, yule yule nambari moja wa 2001. Miongoni mwa waliotolewa ili kumpata alikuwa Johnny Oduya. Nambari moja na nambari 221 wa mwaka mmoja walijikuta kwenye biashara moja, wakipishana. Atlanta ilipohamishiwa Winnipeg mwaka 2011 Oduya alikwenda nayo, na mwaka 2012 akauzwa Chicago. Mengine ndiyo yale ya Boston.

Ngazi ina vidato

Tukisema "alijituma" tunasema kweli, lakini tunasema nusu. Kujituma kunahitaji mahali pa kujitumia. Oduya alikuwa na vidato vinne chini ya miguu yake: klabu ya watoto, ligi ya vijana, daraja la pili, ligi kuu. Akiteleza kidato kimoja, kilicho chini kinamdaka. Uswidi ina mamia ya kumbi za barafu, nyingi zikiendeshwa na manispaa, na klabu za mtaa hugawiwa saa zao humo.

Kama unadhani ni mambo ya Uswidi pekee, angalia Cole Harbour. Ni kitongoji nje ya jiji la Halifax, mashariki mwa Kanada. Sidney Crosby, aliyechaguliwa nambari moja na Pittsburgh Penguins mwaka 2005, anatoka pale. Nathan MacKinnon, aliyechaguliwa nambari moja na Colorado Avalanche mwaka 2013, anatoka pale pale. Kitongoji kimoja kimetoa nambari moja wawili ndani ya miaka minane.

Je, watoto wa Cole Harbour huzaliwa na kipaji kuliko wengine? Hapana. Wana jengo la jamii, Cole Harbour Place, lenye barafu ndani, na watoto wa mtaa huingia. Crosby mwenyewe anajulikana kwa kufyatua paki kwenye mashine ya kukaushia nguo katika chumba cha chini nyumbani kwao mpaka ikabonyea kila mahali. Hadithi hiyo hupendwa sana, lakini mashine ya nguo pekee isingemfikisha popote kama kesho yake asingekuwa na barafu ya kwenda kujaribu alichofanyia mazoezi.

Crosby alifika NHL akiwa na miaka 18, Oduya akiwa na miaka 25. Mmoja alikuwa wa kwanza, mwingine wa 221. Mwaka 2014 wote wawili walikuwa kwenye fainali ya Olimpiki pale Sochi. Kanada ikaifunga Uswidi 3-0, na Crosby alifunga bao moja. Njia zao zilikuwa tofauti kabisa. Kilichofanana ni kwamba tangu utotoni hakuna hata mmoja aliyekosa mahali pa kuchezea.

Simba wa barafu na kahawa ya Wakanada

Turudi nyumbani. Kenya ina timu ya hoki ya barafu inayoitwa Ice Lions, na kama hukujua, haupo peke yako.

Mwanzo wake ni ukumbi wa barafu ulio ndani ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, Nairobi. Ulifunguliwa mwaka 2005, wa kwanza wa aina yake Afrika Mashariki. Wakanada na Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi jijini ndio walioanza kucheza hoki humo kujikumbusha kwao. Polepole vijana wa Nairobi wakajiunga, wengi wao wakiwa wale wa viatu vya magurudumu, wanaoteleza kwenye lami na maegesho ya magari wikendi. Walikuwa tayari na mizani na kasi, ikabaki kujifunza kusimama. Kwa viatu vya magurudumu unasimama kwa namna moja, kwa barafu unasimama kwa kuukata upande. Ukisahau, ukuta ndio utakaokusimamisha.

Tatizo ni kwamba ukumbi wenyewe ni mdogo. Uwanja rasmi wa kimataifa una urefu wa mita 60 na upana wa mita 26 hadi 30. Wa Panari haufiki hata karibu ya hapo. Kwa hiyo walicheza wachache wachache, na mchezaji hujifunza kupiga kona haraka lakini hajifunzi kukimbia uwanja mzima. Na kwa miaka hawakuwa na timu nyingine nchini ya kucheza nayo. Walikuwa wakigawana wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka kule kutengeneza filamu fupi ya tangazo. Nahodha Benard Azegere na wenzake wakavishwa jezi mpya, wakaingia kwenye uwanja mkubwa. Wakiwa chumba cha kubadilishia nguo, mlango ukafunguka, wakaingia Crosby na MacKinnon wamevaa jezi za Ice Lions. Wakacheza pamoja. Video ile ilizunguka dunia na ukiitazama leo bado inakugusa.

Lakini tangazo ni tangazo. Wiki ile ilipokwisha, vijana walirudi Nairobi kwenye ukumbi ule ule mdogo. Janga la Corona lilipoingia, hata huo ukafungwa kwa muda, na kwa kuwa ulikuwa mmoja tu, timu nzima ikabaki bila barafu. Hebu fikiria: timu ya taifa ya mchezo inategemea mlango mmoja wa hoteli.

Sifa zao ni kwamba hawakuvunjika. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, IIHF, kama mwanachama mshiriki. Ni hatua kubwa. Sasa kuna mlango rasmi wa kupata mafunzo ya makocha na waamuzi, na kutambuliwa. Lakini uanachama haugandishi maji. Mkenya aliyelelewa kimchezo hapa nchini bado hajafika NHL, na sababu haihitaji uchunguzi. Tuseme mtoto wa Stockholm anapata saa tatu za barafu kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, kuanzia miaka sita. Akifika 16 ana saa 1,200. Kijana wa Nairobi anayeanza akiwa na miaka 20, saa moja kwa wiki, atahitaji zaidi ya miaka 20 kuzifikia. Atakuwa mzee wa mtaa akifika.

Hata wenzetu waliowahi kutupeleka Olimpiki za msimu wa baridi walipata barafu na theluji nje. Philip Boit, aliyetuwakilisha Nagano mwaka 1998, alipelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji. Sabrina Simader, aliyeshuka mlima pale PyeongChang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi, hapa hapa Pwani, lakini alilelewa Austria tangu utotoni. Kilifi ilimzaa, milima ya Austria ikamfunza.

Sasa Voi inaingiaje?

Barabara inayopita mbele ya Panari ndiyo ile ile inayopita Voi. Mombasa Road. Kutoka Voi mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, hata kwa treni ya SGR ni safari ya kupoteza siku. Tuseme kuna msichana wa Mwakingali au Sofia ameona video ya Ice Lions na anataka kujaribu. Kwenda na kurudi kila wiki ni kilomita zaidi ya 600, nauli, chakula, mahali pa kulala, halafu kiingilio. Kabla hajafunga kamba za viatu, mzazi wake ameshafilisika.

Je, tujenge ukumbi wa barafu Voi? Tusidanganyane. Barafu ya ndani hutengenezwa kwa mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu ya saruji, yanayopitisha kimiminika kilichopoozwa chini ya nyuzi sifuri. Maji humwagwa juu tabaka kwa tabaka mpaka barafu ifike unene wa sentimita tatu hivi. Mashine hazilali usiku wala mchana. Ukifanya hivyo katika mji ambao adhuhuri unatafuta kivuli cha mwarubaini, bili ya stima peke yake itafunga biashara mwezi wa kwanza. Barafu pekee ya asili ambayo mtu wa kaunti hii anaiona kwa macho ni ile ya Kilimanjaro, asubuhi kukiwa hakuna mawingu pale Taveta, na hata hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912.

Kwa hiyo swali la maana kwa Voi ni lingine: ni vidato gani vya ngazi vipo, na ni vipi vimekosekana?

Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671 kwenye sensa ya 2019. Zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya hifadhi za Tsavo. Michezo yenye majukwaa hufanyika sehemu chache: kuna Moi Stadium pale Voi na Dawson Mwanyumba kule Wundanyi. Mashindano ya shule za sekondari yapo, na ndiyo kidato imara zaidi tulichonacho. Mtoto akiwa shule ana kocha, ana ratiba, ana jezi, ana basi la kwenda mashindano ya kaunti na ya mkoa.

Shida huanza siku anapomaliza Kidato cha Nne. Siku hiyo ngazi inakatika. Mwenye bahati anapata chuo chenye timu. Mwingine anabaki na kandanda ya jioni kwenye uwanja wa vumbi, mashindano ya mwanasiasa wakati wa kampeni, na ahadi ya jezi. Miaka 18 hadi 25, ile ambayo Oduya aliitumia kutoka wa 221 hadi NHL, kwetu ndiyo miaka ya kuacha mchezo.

Msichana wa Mwakingali huacha mapema zaidi. Mvulana anaweza kujichanganya kwenye uwanja wowote wa jioni. Yeye anahitaji taa, choo, mahali pa kubadilishia nguo na kocha anayeaminika ndipo nyumbani wamruhusu.

Kilele kimejengwa, vidato je?

Mwaka 2023 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa Talanta Hela kutafuta vipaji na kuvigeuza kipato. Kenya ikaandaa CHAN mwaka 2025 pamoja na Tanzania na Uganda, na nchi hizo tatu zimepewa AFCON 2027. Nairobi inajengewa uwanja wa Talanta wa kubeba watu 60,000. Hakuna anayepinga viwanja vizuri. Lakini uwanja wa watu 60,000 ni mahali pa kumtazama aliyefika. Haumfundishi anayeanza.

Kutafuta vipaji nako kuna mtego. Ukitafuta mara moja kwa mwaka, unampata anayeng'aa siku hiyo. Skauti wa siku moja angempita Oduya. Hata maskauti waliobobea, waliomtazama msimu mzima, waliwataja wenzake 220 kwanza. Mfumo uliomwibua ulimpa muda wa kuiva.

Na tusisahau kwamba hoki yenyewe si ngeni kwetu. Kenya ilimaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la hoki ya uwanjani kule Barcelona mwaka 1971. Ya nne duniani! Leo vijana wengi hawajui hata kwamba tulikuwa pale. Kipaji hakikuhama nchi. Vidato viliachwa vioze.

Sakafu moja ya saruji

Voi inaweza kufanya nini bila kuota ndoto za mchana? Kuna jambo moja la bei ya kawaida: sakafu laini ya saruji yenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, yenye taa, uzio mfupi na bomba la maji. Kipimo hicho kinatosha mpira wa mikono na kandanda ya wachezaji watano. Ukiongeza nguzo na mistari, vikapu na netiboli pia vinaingia. Na ndiyo, kinatosha hoki ya viatu vya magurudumu, mlango ule ule ambao Ice Lions wengi walipitia.

Sakafu ya namna hiyo ikiwa Voi, nyingine Mwatate, nyingine Wundanyi na nyingine Taveta, tayari una timu nne za kukutana kila wiki mbili bila mtu kulala njiani. Hapo ndipo ligi huanzia. Ice Lions walikosa hilo kwa miaka: mpinzani wa karibu.

Lakini sakafu bila watu ni mahali pa kuanika mahindi. Inahitaji kocha anayelipwa, hata kama ni posho ndogo, anayefika kila Jumanne na Alhamisi mvua inyeshe isinyeshe. Inahitaji saa za wasichana zilizoandikwa ukutani, ili wavulana wasije wakaimeza ratiba yote. Inahitaji daftari la mahudhurio, ili mwaka ukiisha mtu aweze kusema ni watoto wangapi waliobaki, badala ya kuhesabu jezi zilizogawiwa. Michezo ni moja ya majukumu ya kaunti. Hilo ni swali la bajeti, na bajeti hupitia vikao vya wananchi. Vijana wengi hawaendi vikao hivyo kwa sababu huitwa asubuhi siku ya kazi na lugha yake ni ya kuchosha. Nenda hata hivyo. Ulizia mstari wa michezo una shilingi ngapi, na kati ya hizo ngapi ni za makocha.

Na wewe uliye na ndoto ya kulipwa, pima na hesabu nyingine. NHL ina timu 32, kila moja na wachezaji wasiozidi 23 kwenye kikosi cha msimu. Hiyo ni nafasi 736 tu kwa dunia nzima. Mshahara wa chini msimu wa 2024-25 ulikuwa dola 775,000, pesa ya kubadilisha ukoo, na ndiyo maana mlango ni mwembamba. Ligi kubwa za mpira wa miguu na vikapu nazo zina milango ya aina hiyo. Wengi wetu hatutapita.

Lakini klabu za Uswidi hazikutengeneza wachezaji wa NHL pekee. Ngazi ile ile ilitoa pia makocha, waamuzi, matabibu wa viungo, watengenezaji wa viatu na wasimamizi wa kumbi. Watu waliofika kidato cha pili wakaridhika, na wanaishi kwa mchezo. Kwetu, kwa kuwa tunaona kilele pekee, anayekosa kilele tunamwita aliyeshindwa. Kijana wa Birikani anayeweza kufundisha watoto 30 kuteleza bila kuvunjika mkono ana kazi mkononi, kama kuna anayemlipa.

Oduya alipokuwa Hammarby, daraja la pili, hakuna Mkenya aliyeandika "huyo ni wetu". Alikuwa na miaka 20, wa 221, na hakuna ajuaye kama angefika. Vijana wa hivyo wapo Voi leo jioni, wanacheza kwenye vumbi hadi giza liwafukuze, kwa sababu taa hakuna. Hao ndio wetu kweli, na hao ndio wanaosubiri bajeti ijayo ya kaunti isomwe.